Kijana wa Tamthilia Hajaoa Mpaka Leo

Leo nimekosoa tamthilia mbele ya mama mkwe, na sasa nimekaa nje peke yangu, nimechoka.

Mama mkwe ametoka Nkoma. Pamba imeshauzwa, kaja kupumzika kwetu hapa Bariadi.
Kupumzika kwenyewe ni tamthilia, kuanzia chakula cha mchana kikiisha.
Moja ikimalizika inaingia nyingine, na kote watu wanalia.

Nimevumilia siku nne. Leo nikashindwa.

Nikamwambia mama mkwe, "Mayu, hawa wanatuchosha. Ile mikanda ya zamani ya kibanda cha video, ndani ya saa mbili mtu ameshapenda, ameshapigwa, ameshalipiza na ameshaoa. Mnarudi nyumbani na akili zenu. Huyu kijana tangu mwaka jana anamwambia binti wa watu 'nipe muda'. Muda gani? Kama anaoa, aoe."

Mke wangu akainuka, akaenda jikoni.
Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Mama mkwe akapunguza sauti ya TV. Siku zote nne hakuwahi kuipunguza.

"Umesema vizuri, baba," akaniambia taratibu. "Na huyo hana hata mtoto. Wewe unao wawili, na kule Nkoma hatujaona hata ukwato wa ng'ombe."

Kisha akarudisha sauti.

Nyie mliokwishapeleka ng'ombe wa mahari ukweni, chekeni tu.

Kwenye TV kijana alikuwa anasema, "Nipe muda."

Safari hii nilimwelewa.