Vidonge vya Presha vya Shangazi Yustina

Niliondoka Songea Jumapili mchana kwa sababu moja: Shangazi Yustina alikuwa ameanguka jikoni. Jirani yake wa Madaba, Mama Osmunda, alinipigia simu akasema presha imepanda tena. Mdogo wake, yaani baba yangu, alifariki kwa kiharusi, na shangazi ni huyu mmoja tu niliyebaki naye. Niliogopa kweli.

Stendi nilipata basi la Njombe. Njia nzima mama mmoja mchuuzi wa maharage alinipa dozi ya ushauri: nitafune kitunguu saumu, nipunguze chumvi, niache hasira. Nilipomwambia mgonjwa si mimi, alisema nianze tu mapema.

Madaba kulikuwa na baridi. Nilimkuta shangazi anapukuchua mahindi, mdomo mzima kama kawaida.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda! Huko mjini mnakula nini?"

Niliulizia dawa. Vidonge vya mwezi mzima vilikuwa vimeisha kabla mwezi haujafika nusu. Kumbe kila jirani aliyeumwa kichwa alipewa kimoja, na Mama Osmunda viwili, kwa kuwa wanapakana ua.

"Sasa mtu anaumwa, mimi ninacho, nimnyime?" aliniuliza kwa hasira.

Nilicheka, ingawa moyo ulikuwa juu juu.

Jumatatu asubuhi tulikwenda zahanati. Majirani wawili, mmoja wao Mama Osmunda, walitufuata, maana walishasikia dawa zimekwisha. Muuguzi alitupima presha sote. Ya shangazi ilikuwa juu sana. Mama Osmunda hakuwa na presha hata kidogo.

"Bibi, meza kila siku, hata ukijisikia mzima," muuguzi alisema, akimkabidhi vidonge vipya. "Na usimgawie mtu. Asiye na presha ukimpa hivi, utamwangusha."

Shangazi alimtazama Mama Osmunda, akamshika mkono hadi tunafika nyumbani. Kuanguka mwenyewe hakukumtisha. Kumwangusha jirani kulimtisha. Hapo nilijifunza jinsi ya kuzungumza na mtu mkarimu.

Jumanne, nikiwa nafunga begi nirudi Songea, Mama Osmunda alipiga hodi ameshika kichwa, kana kwamba jana hatukwenda popote.

"Jirani, hata nusu tu."

Shangazi, ambaye sijawahi kumwona akimnyima mtu kitu, alisimama mlangoni, akanyoosha kidole uani.

"Chukua kuku," alisema. "Kidonge sikupi."