Redio Sizimi

Mimi nina mdomo, sikatai. Mama yangu husema nilizaliwa nikigombana na mkunga, na wote walionijua Buyenzi, mtaa wetu wa Waswahili kule Bujumbura, watakuambia hivyo hivyo. Lakini hapa Johannesburg nilikuwa nimejifunza kunyamaza. Mgeni hujifunza haraka. Ukisukumwa kwenye foleni unanyamaza, ukiitwa jina baya sokoni unanyamaza, askari akikuuliza makaratasi unajibu ulichoulizwa, basi. Nilinyamaza miaka mingi mpaka nikadhani ndiyo tabia yangu. Kwa hiyo walioshangaa nilipokorofishana na mwenye nyumba kwa ajili ya redio siwalaumu, maana hata mimi nilijishangaa.

Nilikuwa nashona Jeppestown, kwenye ghorofa ya kiwanda cha zamani kilichogawanywa vyumba. Chumba chetu tulikuwa mafundi watatu. Kulikuwa na mzee mmoja wa Bukavu aliyeshona suti za wanaume, tukimwita papa kama Wakongo wanavyowaita wazee wao. Kulikuwa na dada wa Tanga aliyeshona sare za shule huku akituchekesha kutwa. Na mimi, magauni ya harusi. Meza yangu ilikuwa dirishani, na niliisubiri muda mrefu hadi fundi aliyekuwa nayo aliporudi kwao Malawi. Asiyeshona hawezi kujua dirisha ni nini. Shanga nyeupe kwenye kitambaa cheupe, bila mwanga wa mchana utapofuka.

Mwenye nyumba alikuwa mtu wa hapa hapa, mtu mzima, mpole wa sauti. Tulimwita baba na yeye alipenda. Sitaki kumwonea, kwa hiyo niseme mapema: mwaka ule kundi la watu lilipopita barabarani na fimbo likitafuta wageni, alishuka na ndala zake akasimama mlangoni peke yake. Aliwaambia walioko juu ni watoto wake. Wakamtukana, wakapita. Tangu siku hiyo hakuna kati yetu aliyewahi kumjibu vibaya.

Kisha ikaja habari ya rais wa hapa. Kamati ya bunge ilikaa kumchunguza kama alipindisha sheria, kama aliwazuia polisi wasiifuatilie kesi iliyowagusa watu wake wa karibu. Swali kubwa lilikuwa jepesi tu, kila mtu alilielewa: alipiga simu au hakupiga? Mji mzima ukawa unazungumza hilo. Kwetu Berea, kwenye ghorofa nilipopanga chumba, wasusi walisuka huku wakibishana. Kwenye robot, magari yakisimama kwa taa nyekundu, madereva walipigiana kelele dirisha kwa dirisha. Kwenye spaza ya chini ya ghorofa yetu, duka dogo la mkate na sabuni, nilikuta wanaume wawili wazima wameshikana mashati, mmoja akisema rais ni mwizi, mwingine akisema anaonewa, ametegewa. Mwenye duka akawatoa wote wawili na mkate hawakununua.

Sisi wageni je? Kimya. Tulikuwa na adabu zetu tulizotoka nazo makwetu. Neno rais likitajwa kwenye redio yangu ya mezani, papa alikanyaga pedali ya cherehani hata kama hana kitambaa chini ya sindano, ili mlio umeze maneno. Hakuambiwa na mtu. Mguu wenyewe ulikuwa unajua. Dada wa Tanga alimcheka, akamwambia, papa wewe unashona hewa. Mimi sikucheka, maana na mimi nilikuwa nikishusha sauti.

Lakini hilo swali la simu lilinikaa kooni, na sababu yake ninayo. Kaka yangu alikuwa dereva wa lori. Siku moja kwenye mkutano wa mtaa aliuliza matofali ya zahanati yetu yamekwenda wapi. Aliuliza hilo tu. Wiki haikuisha wakaja watu na gari lisilo na namba wakamchukua mbele ya mama. Mmoja wao mama alimtambua, akaenda kwa mwendesha mashtaka akamtaja kwa jina. Yule bwana alimsikiliza vizuri, akaandika, akamwambia arudi. Aliporudi, hakumtazama usoni. "Mama," alimwambia, "simu imepigwa." Mama hakuuliza imepigwa na nani. Alirudi nyumbani akachambua maharage. Kaka yangu hatujamwona mpaka leo, na kwetu hakuna mtu aliyewahi kuulizwa juu ya simu ile.

Siku ya ushahidi ilikuwa asubuhi yenye jua, nami nilikuwa na gauni la bibi harusi mezani. Redioni walimleta askari mwanamke, sauti yake tulivu kabisa, kama anaagiza chai. Mwanasheria akamuuliza kama kuna mtu aliyempigia simu kuhusu kesi ile. Dada wa Tanga akaweka mkasi chini. Papa, wallahi, mguu ukabaki juu ya pedali bila kukanyaga. Na hapo hapo mwenye nyumba akaingia, amevaa fulana yenye picha ya rais kifuani.

Alituambia, nusu Kizulu nusu Kiingereza, tuzime hicho kitu. Hataki kusikia rais wake akivuliwa nguo ndani ya jengo lake. Papa alikuwa keshainua mkono kuzima, nami nikauweka wangu juu ya redio.

"Ngoja ajibu, baba," nilimwambia. "Akishajibu, nitazima."

Alidhani natania. Akaenda ukutani akachomoa waya. Eish, vidole vyangu vilikuwa vishafika kwenye simu ya mkononi, nikaitafuta stesheni ile ile, nikaweka sauti mpaka mwisho. Yule askari akajibu kwamba ndiyo, alipigiwa, na aliyempigia alisema anazungumza kwa niaba ya mkubwa. Alilisema jina lake mwenyewe, kamili, na cheo chake, halafu akalirudia jibu lake polepole ili waandike.  Katika umri wangu wote sikuwahi kusikia mtu akisema hivyo kwa sauti.

Mwenye nyumba aliniambia huyu si rais wangu, nina haki gani ya kufurahia aibu yake. Nikamwambia hata wa kwetu hakuwahi kuwa wangu, na sifurahii, nasikiliza. Ndipo akasema lile lililoniumiza.

"Nilisimama mlangoni kwa ajili yenu," alisema. "Hii ndiyo shukrani?"

 Akanipa mpaka Ijumaa: nimwombe msamaha mbele ya wenzangu, au nishushe cherehani yangu.

Wiki ile nilisemwa mpaka masikio yakachoka. Dada wa Tanga aliniambia niache nongwa, samahani haivunji meno, na meza ya dirishani nitaipata wapi tena mji huu. Papa hakuongea kwa utani. Alisema nimewaweka wote roho juu, na siku kundi likirudi na fimbo, nani atasimama mlangoni? Alikuwa na haki, na kwa sababu alikuwa na haki nilizidi kukasirika. Nilimpigia mama. Nilipotaja tu neno rais, akasema mtandao mbaya, akakata. Baadaye alipiga mwenyewe, akaniambia kwa sauti ya chini nimwombe huyo baba msamaha, niinamishe kichwa, yaishe, yeye keshapoteza mtoto mmoja kwa ajili ya mdomo.

Ijumaa ilipofika nilivaa vizuri. Mwenye nyumba aliposimama mbele yetu, nilimshukuru kwa siku ile ya mlangoni, nikamshukuru kwa moyo wote, na machozi yakanitoka, sikuyaficha. Nikamwambia deni hilo nitakufa nalo. Lakini kwa redio siombi msamaha, kwa sababu sijakosa.  Nadhani alitaka nimsaidie, niseme neno lolote dogo la kumtoa pale alipojiweka. Sikusema. Akaonyesha ngazi. Papa alininyang'anya cherehani mikononi, akaishusha yeye mwenyewe mpaka chini bila kunisemesha.

Nikaweka meza kibarazani mwa muuza vyuma, upande wa pili wa barabara. Sitajifanya shujaa, nililia. Bibi harusi gani atajaribu gauni barabarani, wanaume wakipita na mikokoteni? Wateja wa harusi walinikimbia wote. Nikabaki na zipu, pindo za suruali na mifuko iliyotoboka. Vumbi likaingia kwenye mashine, nikawa naipaka mafuta kila asubuhi. Lakini redio ilikuwa mezani, na nilisikiliza kila siku ya kamati ile. Siku rais mwenyewe alipokaa mbele yao, nilizungukwa na watu wa mikokoteni, na muuza vyuma na mlinzi Mkongo wa jengo la jirani, wengine wakimtetea, wengine wakimzomea, na mimi katikati na suruali ya mtu mkononi.

Mwisho wake unajulikana. Kamati ilisema ushahidi hautoshi. Mchana ule magari yalipita yakipiga honi, watu wa rais wakicheza barabarani, na wale wengine wakitembea wamenuna. Wingu zito lilikuwa limetanda, na mwenye nyumba akavuka barabara kuja kwangu. Hakuja kwa kejeli, hilo nalo nalisema. Aliniambia meza ya dirishani bado iko tupu. Mvua inakuja, cherehani italowa. Niseme tu kwamba nilijisumbua bure, nipande juu. Papa na dada wa Tanga walikuwa dirishani wanatutazama, dada akinipungia mkono nikubali.

"Umepata nini?" akaniuliza. "Umepoteza mahali pako, na yeye bado ni rais."

"Ameulizwa, baba," nilimjibu. "Nimesikia kwa masikio yangu akiulizwa kama alipiga simu."

"Na akasema hapana."

"Alisema. Kwetu hata hapana hatujaambiwa."

Nikamweleza habari ya kaka yangu, yote, na mama, na yule mwendesha mashtaka. Sikuwahi kumweleza. Alisikiliza amefumbata mikono, akasema mimi ni mkaidi, akasema pole, akarudi kwake. Matone yakaanza. Nilifunika mashine kwa plastiki, nikajibanza ukutani, nikampigia mama nikamweleza yote, yule askari mwanamke aliyesema alipigiwa, rais alivyoulizwa, na kwamba sikuomba msamaha na nimebaki nje. Nilingoja anigombeze au akate simu.

Hakukata. "Walimuuliza?" alisema. "Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe, mama."

Mvua ilikuwa inapiga mabati juu yangu, ikabidi nizibe sikio la pili ili nimsikie.

"Na yule mwanamke askari, aliyesema alipigiwa," akauliza. "Alirudi nyumbani kwake?"

"Alirudi. Kesho yake nilimsikia tena, wakamuuliza tena, akajibu yale yale."

 Halafu mama yangu, aliyenilea kwa kuniziba mdomo, akasema, na safari hii hakushusha sauti:

"Basi usimwombe msamaha huyo baba."