Mafuta Yakae Ndani

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Fundi Mkuu wa karakana ya misheni pale Kilimatinde, Mgogo mrefu asiyependa maneno mengi, alinipa nusu ya ganda la injini ya pikipiki, kopo la petroli na kijiti cha mwanzi, akaniambia nisafishe uso wake. Uso ni ile sehemu laini ambapo nusu mbili za injini hukutana. Katikati yake hukaa gasketi, karatasi ngumu inayozuia mafuta yasipenye. Gasketi ya zamani ilikuwa imegandia kama ukoko wa ugali. Nilipochoka na mwanzi, nikanyoosha mkono kuchukua bisibisi. Akanishika kwa upole.

"Binti, chuma kwa chuma huacha mkwaruzo," alisema. "Mafuta hayahitaji mlango. Mkwaruzo unayatosha."

Nilikuwa msichana pekee mle ndani, na baadhi ya watu walimwuliza anategemea nini kwangu. Aliwajibu kwamba anatazama mikono tu. Mikono hiyo aliifundisha mengi. Alinionyesha kuweka msasa mlaini juu ya kioo na kuusugulia uso wa ganda kwa mzunguko mpaka uwe sawa kila mahali. Alinifundisha kuchoma washa za shaba, zile pete bapa zinazokaa chini ya bolti, mpaka ziwe nyekundu, kisha kuzitumbukiza majini ili zilainike na kukumbatia bolti upya. Na bolti zenyewe tulizikaza kwa kuvuka, huku kidogo, upande wa pili kidogo, ili ganda lisipinde.

Baadaye nilihamia Ikungi, kwenye karakana iliyotunza pikipiki za maafisa ugani. Msimamizi wetu alikuwa mcheshi aliyekulia Itigi kati ya watu wa reli. Wakati ule silikoni ya kwenye tyubu, gundi ya kuzibia mafuta, ilikuwa imeingia madukani, na kila fundi aliipaka kama mtu anayepiga lipu. Yeye aliikataa. Alituambia kinachozidi hubanwa kikaingia ndani, kikaziba vijitundu vya mafuta, na injini ikaungua ikiwa kavu kwa nje.

"Silikoni nyingi ni woga wa fundi," alikuwa akisema, nasi tulicheka, lakini tulipunguza.

Nilipoolewa Shelui, mume wangu alinipa chumba cha mbele kinachotazama barabara ya Nzega, akaning'iniza kibao mwenyewe. Hapo nilifanya kazi mpaka nywele zikawa nyeupe. Na hapo ndipo Elia, mwana wa Mzee Gunda, alipoleta pikipiki ya baba yake.

Mzee Gunda alikuwa bwana mifugo. Kwa pikipiki ile ya Kiingereza, ya silinda moja, alikwenda zizi kwa zizi kuchanja ng'ombe, na baada ya kustaafu aliihifadhi stoo kwa miaka mingi. Macho yalipomwishia kabisa, jambo alilowaomba wanawe ni kupandishwa tena na kupelekwa kanisani. Elia aliiwasha, akampakia. Mafuta yakatoka penye mnyororo, yakafika kwenye tairi la nyuma, na kwenye kona wakateleza. Mzee aliumia nyonga. Binti mkubwa wa mzee akasema chuma kile kiuzwe kwa wanunuzi wa chakavu kabla hakijaua mtu. Elia alimwomba amwache ajaribu kwangu mara moja.

Niliifungua yote. Nyuso nilizisawazisha kwenye kioo. Gasketi nilizikata mwenyewe, nikiweka karatasi juu ya ganda na kuigonga pembezoni kwa kinyundo mpaka ikakatika kwa umbo lake. Sili, yaani ile pete ya mpira inayokumbatia shafti penye mnyororo, niliibadilisha, na kabla ya kuivisha niliifunika shafti kwa nailoni ili meno yake yasiichane. Kisha nikaikausha injini, nikaipaka poda ya mtoto ili tone lolote lionekane, nikaiwasha.

Poda ililowa. Tena si penye sili tu, hata mahali ambapo hapakuwahi kuvuja. Kazi ilikuwa safi, nilijua ni safi, na mafuta yalikuwa yanatoka.

Mzee Gunda alikuwa ameletwa siku hiyo, ameketi kwenye kiti karibu na mlango. Akaniambia niiache ingurume kidogo. Akasogeza mguu wake ubavuni mwa injini, akautuliza hapo.

"Mwanangu, hainipulizi," alisema. "Zamani nikiiendesha, ilikuwa ikinipuliza kifundoni, hewa ya moto. Sasa hakuna kitu."

Nikazima. Pistoni inaposhuka husukuma hewa iliyo chini yake, na hewa hiyo lazima itoke kwenye bomba dogo la kupumulia. Ikikosa njia, husukuma mafuta yapite popote, hata uzibe vizuri namna gani. Bomba lile nilikuwa nimelifuta kwa nje, na mdomo wake ulionekana wazi. Nilipoingiza waya, ukagonga kitu kwenye kona: udongo mgumu wa nyigu, walioingia kujenga wakati pikipiki imelala stoo.

Nililisafisha, nikabadilisha tena ile sili iliyosukumwa, nikaipaka poda upya. Elia alimpandisha baba yake, wakaenda polepole hadi mwisho wa mji na kurudi. Mzee alishuka, akainama kwa shida, akapitisha kiganja chini ya injini yote. Akakinusa.

"Kavu," alisema. Elia aligeuka akatazama barabarani.

Nilifunga karakana mwaka uliofuata, macho yangu nayo yakianza kuniacha. Nalima alizeti kidogo. Namshukuru Mungu kwa Fundi Mkuu aliyeangalia mikono, kwa Msimamizi aliyetuchekesha tukaelewa, kwa mume wangu na kibao chake. Wengine kazi huwachosha wakaichukia. Mimi sikuwahi kuamka nikiwa sitaki kwenda.

Mzee Gunda alifariki masika haya. Elia alikuja nyumbani, akasema baba aliagiza pikipiki itangulie mbele ya jeneza, na niiendeshe mimi. Nikaiendesha mwendo wa watu wanaotembea, wakiimba nyuma yangu, mpaka shambani kwao. Nikaizima, nikasogea kando walikosimama wageni.

Binti yake mkubwa, yule aliyetaka iuzwe, akanifuata, akanishika mkono, akaniongoza hadi kwenye benchi la wafiwa.

"Dada, kaa hapa," alisema. "Wewe ni wa kwetu."

Wakasogea, nikakaa.