Orodha ya Mashine za Watu

Mke wangu ni fundi wa kompyuta, mimi ni fundi cherehani, na chumba chetu cha kazi ni kimoja. Upande wangu vitambaa, upande wake kompyuta mpakato zilizofunguliwa matumbo. Ana tabia moja ambayo kwa miaka mingi niliiita umbea. Kila mashine ikifika mikononi mwake, huigeuza chali, akasoma namba iliyochapwa chini yake, akaiandika pamoja na jina la mwenyewe. Ukimuuliza ni ya nini, hujibu, "Nataka tu kujua."

Basi umbea ukageuka ulinzi. Mafundi wa mtaa wetu walikubaliana kwamba hakuna atakayefungua mashine yenye neno la siri kabla hajampigia mke wangu simu na kumsomea namba. Muuguzi mmoja alirudishiwa yake kwa njia hiyo, siku tatu baada ya kuibiwa. Tangu hapo watu wakawa wanaleta hata mashine zisizo na ubovu wowote, ziandikwe tu.

Sasa niseme aibu yangu. Mchana mmoja mke wangu alitoka kumpelekea mteja chaja. Wakaingia wanaume wawili, mmoja akataka kushonewa suruali. Nikapiga magoti kumpima. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, halafu akaniomba nirudie, eti mmoja ni mrefu kidogo. Nami, kwa ujinga wangu, nikarudia! Nilipoinuka mwenzake hayupo, na juu ya meza ya mke wangu, pale ilipokuwa kompyuta yake mwenyewe, umebaki waya mtupu. Huyu wa suruali akasema anakwenda kumwita.

Mke wangu aliporudi hakupiga kelele. Aliutazama ule waya, kisha akaanza maswali: walisimama wapi, nani alitangulia kuingia, kwa nini mguu upimwe mara mbili.

"Kiuno chake kilikuwa ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Angalau hilo unalo," akasema.

Kituoni askari aliuliza namba ya mashine.

"Iko kwenye orodha yangu."

"Na orodha iko wapi, mama?"

"Imo ndani ya hiyo mashine."

Askari akaweka kalamu chini. Mimi nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama mke wangu, kicheko kikanikauka. Mashine za watu zaidi ya mia tatu zilikuwa zimebaki bila mlinzi, na nakala hana hata moja. Atawaambiaje wenyewe? Siku tatu hakula vizuri kwa kulifikiria hilo.

Siku ya nne akapiga simu mwanamke tunayemwita Bisibisi, aliyejifunza kazi kwetu na sasa ana duka lake.

"Fundi, nimeletewa mashine haiwaki, na aliyeileta hajui neno la siri. Nikusomee namba?"

Mke wangu alifumba macho. "Usisome, mwanangu. Sina pa kuitazama."

Alikaribia kukata simu, lakini udadisi ukamshinda. "Haiwaki vipi?"

"Taa inamulika mara moja, inazima."

"Ikandamize kwa kidole gumba, pale kona ya juu kulia, halafu uwashe."

"Fundi, imewaka!"

"Ni yangu," akasema, akakaa chini sakafuni. Ubovu huo alikuwa ameuvumilia mwaka mzima, kila siku akitanguliza za wateja.

Tulifika mbio dukani kwake. Yule mletaji alikuwa amekwisha kutokomea, na Bisibisi ameikumbatia mashine kifuani.

"Shikamoo, Fundi. Namba kwanza. Sheria ni yako."

"Bisibisi, unamjua huyu!" nikafoka.

"Namjua, baba. Hata hivyo."

Mke wangu alicheka, mara ya kwanza tangu wizi ule. Akaandika neno la siri mbele yake, akafungua orodha. Ilikuwepo yote. Akashuka nayo taratibu akitafuta mstari wake. Muuguzi yumo. Jirani zetu wamo. Hata binamu yangu aliyeleta mashine mara moja tu yumo. Akafika mwisho, akarudi juu, akashuka tena.

"Sikuwahi kujiandika," alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani kuibiwa ni kwa wengine."

Bisibisi hakumcheka. Aliigeuza mashine chali, akavuta daftari la karatasi, akashika kalamu.

"Jina la mwenyewe?"

Mke wangu akalitaja jina lake lote, polepole, kama mteja.