Msusi wa Bellevue na Warukaji wa Theluji

Msusi yule wa mtaa wa Bellevue hajawahi kugusa theluji, lakini fainali za kuruka angani kwa skii zikianza kwenye televisheni, vidole vyake husita katikati ya msuko. Mrukaji akipaa, yeye huzuia pumzi, halafu huhesabu mizunguko kwa Kifaransa cha kwao alikotoka huku akizidi kuvuta nywele za mteja. Jana kipenzi chake, binti wa koti jekundu, alikuwa amebakiwa na mruko mmoja tu.

“Eish, mama, kichwa changu!” alilia Kathambi, mteja wake kutoka mtaa wa kitajiri wa Sandton.

“Vumilia, dada, yuko hewani!”

Binti akatua wima. Msusi akapiga vigelegele, akapanda kiti, akaruka, akajizungusha na kutua mikono juu.

“Nimesimama?”

Kathambi, nusu ya kichwa ikiwa timtim, alikuwa akipiga makofi.

“Umesimama, mama! Ruka tena!”