Majina ya Kwenda Ziwani

Katika utoto wangu pale Wabera, mtaa wa mji wa Isiolo, kulikuwa na siku moja kila mwaka ambayo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeitwa kwa jina lake. Ilikuwa siku ya kwenda ziwani. Mvua ndefu zikishapita na vumbi la Isiolo likiwa limetulia, Baba aliliacha lori lake Jumapili nzima, Mama akapika anjera, ile mikate laini ya kumimina, na kujaza chai kwenye thamosi, na sote tukatoka kwa miguu kuelekea kule mto unakopinda kati ya migunga na mikoma. Nyuma ya msitu huo kulikuwa na maji yaliyotuama, mapana kiasi kwamba mtoto hawezi kurusha jiwe likafika ng'ambo. Watu wazima walisema ni bwawa tu. Mimi hadi leo nasema ziwa.

Kabla hatujatoka, Ayeyo alitusimamisha mlangoni. Ayeyo ni nyanya kwa Kisomali, na huyu alikuwa mama mzazi wa Baba, binti wa askari wa zamani aliyekuja kukaa Isiolo baada ya kumaliza vita vya Wazungu. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Hii maji iko na mwenyewe," alituambia kila mwaka. "Anasikiliza. Akishika jina lako, siku moja atakuita, na wewe utaenda."

Kwa hiyo alitugawia majina mengine, yote ya vyombo vya nyumbani. Baba alikuwa Gunia, kwa sababu ya tumbo. Mama alikuwa Birika. Mimi nilishakuwa Kijiko, Kibao cha Mbuzi na mwaka mmoja Taa. Niliwahi kumwuliza kwa nini vyombo.

"Akiita sufuria," Ayeyo alisema, "sufuria itaenda na miguu gani?"



Mwaka ninaoukumbuka zaidi nilikuwa na miaka kama kumi, na mdogo wangu Halima alikuwa hajaanza shule. Baba alikuwa ametuletea redio mpya kutoka Nairobi, na kila jioni Halima alikaa mbele ya redio hiyo akimwigiza msomaji wa habari, kikohozi na yote. Asubuhi ile, Ayeyo alipofika kwake, Halima alimtangulia.

"Mimi ni Redio."

"Redio hapana. Redio inaongea sana, itamjibu mwenye maji. Wewe ni Ufagio."

"Sitaki Ufagio!"

"Basi baki na paka."

Halima akakubali kuwa Ufagio, lakini alitembea amenuna, mdomo umetangulia mbele yake kama wa bata.

Sisi wengine tulikuwa na furaha isiyo na mpaka. Migunga ilikuwa imetoa maua na msitu mzima ulinukia asali. Digidigi walikatiza njia wawili wawili. Kwenye kivuko, Baba alimbeba Ayeyo mgongoni, na Ayeyo akawa anampigapiga begani kwa kandambili yake, "Polepole, Gunia! Polepole!" hadi Baba akakaribia kuanguka naye majini kwa kucheka. Mama alicheka hadi akakaa chini.

Ziwani tulitandika shuka chini ya mkuyu, tukala anjera na nyirinyiri, nyama kavu iliyohifadhiwa ndani ya samli. Bata mwitu walielea katikati ya maji. Baba alijilaza chali, kofia usoni.

"Hoyo," alimwambia mama yake, "mimi naendesha lori mpaka Moyale, mchana na usiku. Hakuna jini aliyewahi kuniita."

"Atakuitaje?" Ayeyo alimjibu. "Na hilo lori lako linavyopiga kelele."

Sijui nani aliona kwanza kwamba Halima hayupo. Nadhani ni Mama, kwa sababu nakumbuka kikombe chake kikianguka. Mtoto alikuwa hapa, akichimba mchanga kwa kijiti, na sasa kijiti kilikuwa peke yake.

"Ufagio!" Mama aliita. "Ufagio, njoo!"

Baba aliamka akaita kwa sauti ya kusimamisha ng'ombe. Bata wakaruka wote. Halima hakuitika. Baba alikimbia ukingoni kutazama maji, nami nikamfuata, na hapo kwenye tope tukaona kinyesi cha nyati, kibichi, kinatoa mvuke. Nilimwona Baba akibadilika uso. Sikuwahi kumwona akiogopa kabla ya siku ile.

Mama alivuta pumzi ili alitoe jina lenyewe. Ayeyo akamshika mkono.

"Usiseme."

"Mama, ni mtoto wangu!"

"Ndiyo maana. Usiseme."

Wakabaki wanatazamana, na mimi nikajua kwamba muda wowote Mama atapiga kelele na jina litatoka. Sikuwa na mpango wowote. Nilifungua kinywa tu.

"Redio!" niliita. "Redio! Redio!"

Kutoka nyuma ya gogo kubwa, ndani ya vichaka upande wa msitu, mtu alikohoa.

"Hii ni taarifa ya habari," ikasema sauti nzito ya kuigiza, "na msomaji wenu ni mimi."

Baba alifika pale kwa hatua ambazo sikujua anazo, akamnyanyua Halima na kumkumbatia hadi mtoto akalalamika. Mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Kwa nini hukuitika tulipokuita?" Baba aliuliza.

"Mliita Ufagio. Ufagio hausikii." Kisha akanyoosha kidole kwenye matete, kule ukingoni. "Na yule mwingine aliniita Halima. Mara nyingi. Lakini sikwenda. Leo mimi si Halima."

Matete yalitikisika, yakaachana, na nyati wawili wakatoka, matope hadi shingoni, wakasimama kututazama. Tulirudi nyuma taratibu, bila kugeuka, hadi miti ikatuficha. Shuka na thamosi tuliviacha palepale.

Tulipovuka mto ndipo Halima alipoanza kutusomea habari: mtu anayeitwa Gunia ameacha viatu vyake ziwani. Baba akatazama miguu yake, na ilikuwa kweli. Tulicheka hadi Wabera.

Mwaka uliofuata, Baba ndiye alikuwa wa kwanza mlangoni. "Hoyo," aliuliza, kofia mkononi, "leo mimi ni nani?"

Nimeifikiria sauti ile ya kwenye matete mara nyingi. Mama aliapa hakulitamka jina, na mimi nilikuwa karibu naye, sikulisikia. Labda lilimtoka bila yeye kujua. Labda ni ndege wa matete, na mtoto aliyenuna husikia anachotaka. Halima mwenyewe, ambaye sasa ana wajukuu, anashikilia palepale: aliitwa.

Ayeyo alikuwa ameshafariki miaka mingi Baba aliponieleza jambo lingine. Yeye hakuwa mtoto wa kwanza. Kabla yake kulikuwa na mvulana, na siku moja upande wa Gotu, familia ilipokuwa na mifugo, mto ulifurika ghafla ukamchukua. Ayeyo alikimbia ukingoni akiliita jina lake mpaka sauti ikamwisha. Baada ya hapo hakulitamka tena. Baba alizeeka bila kujua kaka yake aliitwa nani.

Mwanamke yule angeweza kutukataza maji maisha yetu yote, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini kila mwaka, mvua zikipita, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kama ziwa limejaa, na yeye ndiye aliyetupeleka.