Baba Ametangulia

Wajukuu wangu wakinililia kwamba fomu za mkopo wa chuo zinasumbua, huwa nawaambia nyamazeni. Mimi msaada wangu wa masomo uliombewa na mtu aliyekwisha kuzikwa, na mpaka leo sijui nimshukuru nani.

Baba alikuwa mchimba dhahabu huko Makongolosi. Shimo lilimfunika wakati wa masika, na wenzake walichimba mpaka wakachoka wasimpate. Kwetu asiyepatikana haachwi hivi hivi. Walikata mgomba, wakauvika koti lake, wakauzika nyuma ya nyumba yetu, juu ya mji wa Mbeya, kando ya barabara ya Chunya. Nilikuwa mdogo, nikauliza mbona baba ananuka majani. Tangu siku ile mama hakutamka kwamba mumewe amekufa. Alisema "ametangulia", nasi watoto tukasema vivyo hivyo.

Nilipomaliza shule ya kati nilipata nafasi ya chuo cha ualimu. Ada hatukuwa nayo, hata ya kuota. Kulikuwa na kamati iliyokaa Iringa kutoa misaada ya masomo, lakini kwa wasichana ilikuwa na sharti lake: baba aje mwenyewe, aape mbele yao kwamba hatamtoa binti chuoni akaolewe. Walikuwa wamechoka kusomesha msichana, anakwenda likizo ya Krismasi, harudi, kaolewa. Neno la mama halikuhesabiwa. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyeturithi, alikataa katakata.

"Mtoto wa kike ni wa watu," alisema. "Nikaape kwa wazungu, ng'ombe wangu nani atanilipa?"

Kumbe alikwisha kunitafutia mchumba, mtu mzima mwenye mvi. Nilimchukia baba mdogo yule. Sasa ni marehemu, na bado sijamaliza.

Nikaenda mwenyewe kwenye ofisi ya Mbeya iliyopokea maombi ya kamati. Karani alikuwa mtu wa Nyasa, mpole, ila Kiswahili alijifunza ukubwani, kwa kuokoteza.

"Baba yako atafika Iringa?" aliniuliza.

"Baba ametangulia," nikamjibu.

"Ametangulia? Vizuri sana. Basi mtakutana huko huko."

Nikajua ananifariji Kikristo. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Amina." Alinitazama kidogo, akaandika, akagonga muhuri. Nilikuwa nimefika katikati ya mlima, narudi nyumbani, ndipo akili ikanijia: mwenzangu alikuwa akisema Iringa, nami nikisema mbinguni! Nilicheka peke yangu barabarani, halafu nikaanza kulia, maana siku ya kamati wangemwita baba na asingeitika mtu.

"Nenda hivyo hivyo," mama aliniambia. "Wakikufukuza, wakufukuze umefika."

Nilipanda lori la misheni, nimebanwa kati ya dereva na gunia la viazi. Ilikuwa kiangazi, ile baridi ya kwetu inayopasua midomo. Njia nzima tulikula vumbi, tone la mvua hakuna. Nililala misheni Iringa, na asubuhi ukungu ulikuwa umefunika mji hata nikaitafuta ofisi ya kamati kwa kuuliza uliza. Tarishi, mzee wa Kihehe mwenye koti la kaki, alikuwa amesimama mlangoni na tambara mkononi.

"Kamwene," akanisalimu, na kabla sijaitikia vizuri akaendelea, "Wewe ndiye binti wa Mbeya? Mbona umechelewa? Baba yako ameshaingia, ameshatoka."

"Baba yangu?"

"Sasa wa nani, wangu? Nimemkuta hapa mlangoni nilipokuja kufungua. Mfupi, sikio hili halina ncha. Mtu mwema, hana maneno mengi. Ila matope, jamani! Miguu myekundu mpaka magotini. Nimepiga deki, nikarudia tena."

Akanionyesha benchi. Chini yake sakafu ilikuwa bado mbichi, na pembeni kwenye mguu wa benchi kulibaki tope kidogo, jekundu. Nami nakwambia, baba aling'atwa ncha ya sikio na mbwa tangu ujana wake. Nikamwambia tarishi kwamba baba yangu hakuwa na safari ya Iringa.

"Aka! Wazee huwa wanaaga watoto?" akanicheka, akanifungulia mlango.

Ndani walikuwa watu watatu: mwenyekiti mzungu, memsahibu mmoja, na mchungaji mweusi aliyekuwa akiandika. Mwenyekiti aliniuliza kwa nini nataka ualimu. Nikatazama chini, nikitafuta la kusema. Yeye akatabasamu.

"Baba yako ametuambia," alisema. "Ametuambia, mkimwuliza atatazama chini kwanza, msidhani hajui, anachagua maneno."

Tabia ile ni kweli ninayo. Lakini niliianza baada ya msiba, na baba hakuwahi kuiona.

"Bwana," nikasema, "baba yangu ametangulia."

"Ndiyo, ndiyo, ametangulia. Tumeshamwona. Ameapa hutaolewa mpaka umalize chuo."

Mchungaji peke yake aliacha kuandika. Alinitazama, akatazama mlango, akavua miwani. Nilijua ameelewa. Nilitaka aseme, nipate mwenzangu wa kuogopa naye, na papo hapo nilijua akisema tu, chuo kimekwenda na yule mwenye mvi ananingoja. Walipomwuliza kama anakubali, alijibu, "Nakubali," polepole, kwa sauti ya mtu anayeitikia sala. Nikaambiwa nimepata msaada, ada yote.

Nilitoka mbio. Tarishi alisema mzee ameshika njia ya Kalenga. Niliikimbilia njia ile nikiita "Baba! Baba!" kama mwendawazimu, wanawake waliokuja mjini na vikapu wakanipisha. Niliita mpaka nyumba zikaisha. Ukungu ulikuwa unainuka, na vumbi la barabara lilikuwa kavu, halina unyayo hata mmoja wa tope. Watu husema mzimu unatisha. Mimi saa ile sikumwogopa hata kidogo, nilimtaka.

Kwenye lori wakati wa kurudi nilikuwa na muda wa kuwaza. Labda kweli ni mzimu. Labda ni msukule, kama baba mdogo alivyokuja kusema baadaye huku akitema mate. Au labda baba hakufukiwa na shimo lolote. Labda alituchoka, ana mke mwingine mahali, akasikia habari zangu, akaona haya mara moja. Hilo la mwisho liliniuma kuliko yote, na sikukusudia kumwambia mama.

Lakini mama si mtu wa kufichwa. Nilimkuta barazani anachambua maharage, nikamweleza yote, tangu tarishi mpaka vumbi la Kalenga. Nilitegemea apige mayowe au apige magoti. Hakufanya hata moja. Alishukuru kwa ajili ya chuo, akanishika mkono, kisha akauliza, "Matope mekundu, umesema?"

"Mekundu, mama."

"Ya Makongolosi hayo." Aliweka ungo chini. "Na mtu akitoka Makongolosi kwenda Iringa, anapita wapi?"

"Hapa, mama. Barabara ni hii hii."

Mama akaitazama barabara ile ya Chunya, hatua chache tu kutoka barazani petu, na kwa mara ya kwanza tangu tuuzike ule mgomba nikamwona analia, analia kwa hasira, machozi yanaangukia maharage.

"Kumbe alipita mlangoni pangu," akasema, "na hodi hakupiga."